Mwongozo Kamili wa Kuwaunganisha Wakutubi wa Mtwara na Lindi na Kuzisemea Maktaba Zao

Makundi ya wakutubi katika mikoa yetu miwili ya kusini hufa kwa njia ileile. Watu kumi au kumi na watano hukutana siku moja, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hupiga picha mbele ya maktaba na kufungua kundi la WhatsApp. Miezi mitatu baadaye kundi hilo limebaki la salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Na barua zetu nazo hupotea kwa namna moja: mkutubi huandika barua nzuri ya kuomba rafu au meza, huipeleka halmashauri mwezi Aprili, kisha hukaa akisubiri jibu ambalo haliji.

Nimeulizwa juu ya mambo haya mawili mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni heri kuandika utaratibu wote mahali pamoja. Nilikuwamo katika kundi la aina hiyo, na kikao chetu cha kwanza kilikwisha kwa kura za viongozi bila hata mmoja wetu kuulizwa maktaba yake ina vitabu vingapi. Ninachokiamini sasa ni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Wakutubi hushikamana kwa sababu ya kazi wanayoifanya pamoja, na kazi hiyohiyo, ikiwekwa katika tarakimu, ndiyo inayowafungulia mlango wa halmashauri.

## Mahitaji

- Kaunta buku mbili: moja ya orodha ya maktaba na mihtasari ya vikao, nyingine ya vitabu vinavyoazimwa kati ya maktaba na maktaba.
- Faili moja la kutunzia nakala za barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa.
- Rula, kalamu za rangi mbili na karatasi za kutosha kunakili fomu ya kuhesabia wasomaji.
- Simu moja yenye WhatsApp, ambayo mwenye nayo yuko tayari kuitumia kwa kazi hii.
- Nakala ya Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Na. 6 ya 1975, kwa kuwa ndiyo inayoipa Bodi wajibu wa kuanzisha na kuendeleza maktaba za umma.
- Watu watatu wenye nia. Watatu wanatosha kuanza, na kumi wasiofanya kazi ni mzigo.
- Miezi saba, kuanzia Mei hadi Novemba. Sababu ya miezi hiyo itaonekana katika Hatua ya 7.

Fedha sikuitaja kwa makusudi. Hatua nne za kwanza zinahitaji nauli kidogo na muda wa simu tu, na kundi linaloanza kwa kutafuta mfadhili huacha kazi siku mfadhili anapokawia.

## Hatua ya 1: Andika orodha ya maktaba, si ya wakutubi

Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara, Mtwara Vijijini, Mji wa Nanyamba, Mji wa Newala, Newala Vijijini, Tandahimba, Mji wa Masasi, Masasi Vijijini na Nanyumbu. Lindi ina sita: Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Chora ukurasa mmoja kwa kila halmashauri, kisha jaza kila mahali penye vitabu vinavyosomwa na watu zaidi ya mmoja.

Anza na maktaba za mkoa za Mtwara na Lindi zilizo chini ya Bodi. Ongeza vyuo: Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, vyuo vya ualimu, vyuo vya ufundi vya VETA na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Usikisahau Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, ambacho kimeshughulikia utafiti wa korosho kwa miongo mingi, wala nyumba za dini kama Abasia ya Ndanda. Kisha nenda shuleni, kwa kuwa huko ndiko walipo wengi.

Hapa ndipo orodha nyingi zinapokosea. Tunaandika majina ya wenye stashahada kutoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo na kumwacha mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa funguo za chumba cha vitabu miaka sita iliyopita. Mwalimu huyo hana cheo cha ukutubi, lakini ndiye anayejua ni mtoto gani anarudisha kitabu na yupi hakirudishi. Akiachwa nje, mtandao wako utakuwa wa watu wachache wa mjini, na siku ya kusema mbele ya madiwani hutakuwa na neno lolote juu ya kata za pembezoni.

Kwa kila maktaba andika mambo matano: mahali ilipo, nani anaitunza, inafunguliwa siku zipi, ina vitabu vingapi kwa kukadiria, na mwajiri wa anayeitunza ni nani. Jambo hilo la tano watu huliruka, nalo ndilo utakalolihitaji kwanza katika hatua inayofuata.

Orodha imekamilika vya kutosha ukiwa na maktaba 12 kutoka halmashauri zisizopungua tano, na simu ya kila mhusika umeipiga mwenyewe ukasikia sauti yake. Usingoje zitimie halmashauri zote kumi na tano.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa kabla ya kuita kikao

Wakutubi wa mikoa hii hawana mwajiri mmoja. Mtumishi wa maktaba ya mkoa anawajibika kwa Bodi, yenye makao yake makuu Dar es Salaam. Mwalimu wa shule ya serikali yuko chini ya Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa mkuu wa shule na afisa elimu. Wa chuo cha dini ana uongozi wake. Barua moja kwa wote haitafika popote, hivyo andika barua tatu zenye maudhui yaleyale na anwani tofauti, kila moja ikipita kwa mkuu wa kituo cha mhusika.

Barua iseme mambo manne tu: kusudi ni kubadilishana ujuzi na vitabu, vikao vitakuwa Jumamosi, nje ya saa za kazi, hakuna fedha ya mwajiri inayoombwa, na muhtasari wa kila kikao utapelekwa kwake. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayomtuliza mkuu wa idara, kwa hiyo uitimize.

Chagua jina kwa uangalifu. Neno «umoja» au «chama» huwafanya wakuu wafikirie chama cha wafanyakazi na madai ya mishahara. «Mtandao wa Wakutubi wa Mtwara na Lindi» halimtishi mtu. Kuhusu usajili rasmi wa jumuiya, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ushauri wangu ni kuuacha kwanza hadi kazi iwe imeonekana kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu katiba, ada na akaunti ya benki hula nguvu zote ambazo zingejenga mtandao wenyewe.

Peleka kila barua ikiwa na nakala mbili. Moja ibaki masijala. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo na kuiweka katika faili. Barua isiyo na nakala yenye muhuri, siku ikitafutwa isipatikane, huna la kuonyesha.

## Hatua ya 3: Anzeni na kazi moja inayoonekana

Kabla ya kikao, kabla ya viongozi, fanyeni kazi moja ya kweli kati ya maktaba mbili. Kazi ninayoipendekeza ni kuazimana vitabu, kwa sababu mahitaji yapo tayari na matokeo yanaonekana ndani ya wiki mbili.

Nitaeleza jinsi moja ilivyokwenda. Shule moja ya sekondari iliyo upande wa Uwanda wa Makonde ilikuwa na nakala 40 za kitabu cha jiografia cha kidato cha pili, zimefungwa kwa kamba ya katani na kuwekwa chini ya meza, kwa kuwa wanafunzi wa kidato hicho walikuwa wachache. Shule nyingine, mwendo wa saa mbili kwa basi, ilikuwa na nakala tatu za kitabu hicho na darasa la wanafunzi sabini. Walimu wawili walipigiana simu. Nakala 25 zilifungwa katika boksi la karatasi la sabuni, likazungushiwa utepe, likaandikwa kwa kalamu nene pande tatu, likapakiwa kwenye basi kama kifurushi na kupewa risiti. Jioni yake mwalimu wa pili alikwenda stendi na risiti aliyotumiwa picha, akafungua boksi palepale na kuhesabu mbele ya kondakta. Zilikuwa 25. Walimu hao hawakuwa wamewahi kuonana, na tangu siku hiyo wakawa watu wa kupigiana simu kila wiki.

Kwa kila mkopo, andika katika kaunta buku: jina la kitabu, idadi, namba za nakala kama zilivyo kwenye leja, hali ya vitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na majina ya wakuu wa vituo vyote viwili waliokubali. Chukua pia picha ya vitabu kabla ya kufunga boksi.

Tahadhari mbili. Vitabu vya shule ya serikali ni mali ya umma iliyoandikwa kwenye leja, kwa hiyo mnaazimana tu. Kuvihamisha moja kwa moja kunahitaji kibali cha mwenye mamlaka, na mkaguzi akikuta upungufu usio na maandishi, atakayeulizwa ni wewe. Pili, jaribu la kupiga picha kitabu kizima na kukisambaza kwa simu lipo kila mahali, nalo linagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Mkutubi anayelinda kazi ya mwandishi ana uso wa kusimama mbele ya watu na kuomba vitabu vinunuliwe.

Hatua hii imefaulu vitabu vikirudi kwa tarehe iliyoandikwa, na mkopo wa pili ukiombwa bila wewe kuuanzisha.

## Hatua ya 4: Fungua kundi la simu lenye kanuni

Fungueni kundi baada ya mikopo miwili au mitatu, si kabla. Kanuni nne zinatosha, nazo ziandikwe katika maelezo ya kundi: maombi ya vitabu na majibu yake, maswali ya kazi, matangazo ya vikao, misiba na furaha za wanachama siku ya Ijumaa tu. Siasa za vyama zisiingie hata kidogo.

Usiweke humo picha ya daftari lenye majina na namba za simu za wasomaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa anayekusanya taarifa hizo, na hata kama isingekuwapo, msomaji aliyekupa jina lake alikupa wewe, hakulitoa kwa kundi.

## Hatua ya 5: Kikao cha kwanza cha ana kwa ana

Mahali panaamua nani atakuja. Barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinakutana Mnazi Mmoja, na kwa sababu hiyo kikao kinachofanyika hapo au jirani kinagawa nauli kwa haki. Vikao vya baadaye vizunguke katika maktaba za wanachama, kwani mkutubi akikaribisha wenzake hupanga rafu zake upya wiki nzima kabla, na kila mgeni huondoka na jambo aliloliona kwa macho. Wanachama wa Liwale na Nanyumbu wako mbali sana. Wapeni nafasi ya kushiriki kwa simu, na kikao kimoja kwa mwaka kiwafuate wao.

Epuka miezi ya mvua, yaani Desemba hadi Aprili. Panga kikao kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ili kila mtu afike kwake kabla ya giza.

Ajenda iwe na mambo matatu. La kwanza, kila mmoja aeleze maktaba yake kwa dakika tano, na wa mwisho kwa cheo aanze. Jambo hilo si dogo. Mwenye shahada akianza kwa maneno ya kitaalamu, mwalimu wa shule ya kata hunyamaza hadi mwisho. Mwalimu akianza, wote huzungumza lugha moja. Vijana wamwite mwalimu huyo «Mwalimu», naye mzee aliyestaafu akialikwa apewe kiti cha mbele na muda wa kusema, kwa maana mara nyingi ndiye anayekumbuka vitabu vilivyopotea vilikwenda wapi na nani katika halmashauri aliwahi kusaidia.

La pili ni somo la mikono la saa moja. Ninapenda kuanza na ukarabati wa vitabu: sindano nene, uzi wa katani au wa nailoni, gundi nyeupe ya mbao, kipande cha kitambaa cha pamba na mawe mawili ya kukandamizia. Kitabu kilichoachia mgongo hutobolewa matundu matatu pembezoni, hushonwa, hupakwa gundi kidogo, hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa chini ya jiwe usiku kucha. Katika ukanda wa pwani ongezeni somo la ukungu, kwa sababu unyevu wa bahari hula vitabu vilivyobanwa ukutani. Acheni nafasi ya kiganja kati ya rafu na ukuta, na fungueni madirisha asubuhi jua linapokwisha kupanda. Huko bara adui mkubwa ni mchwa: miguu ya rafu isiguse udongo, na boksi lisiwekwe sakafuni hata kwa siku moja.

La tatu ni kazi ya mwezi unaofuata na jina la atakayeifanya. Hapo ndipo mnapoweza kumchagua mratibu mmoja na mwandishi mmoja. Hao wawili wanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu posho, semeni ukweli tangu kwenye mwaliko: hakuna posho, kuna chai na chakula cha mchana kwa mchango wa wote. Watakuja wachache zaidi, nao ndio mnaowahitaji.

Utajua kikao kilifaulu muhtasari ukisambazwa ndani ya siku saba, na wiki mbili baadaye angalau watu watatu wametuma picha za vitabu walivyoshona.

## Hatua ya 6: Hesabuni wasomaji kwa fomu moja, wiki zilezile

Hii ndiyo hatua ninayoomba isiharakishwe. Nimesoma barua nyingi za kuomba msaada zinazosema «wasomaji ni wengi na vitabu ni vichache». Kila idara ya halmashauri husema hivyo hivyo, kwa hiyo maneno hayo hayamsaidii anayegawa fedha kuamua.

Chagueni wiki mbili ambazo maktaba zote zitahesabu kwa pamoja: wiki ya tatu ya Agosti na wiki ya kwanza ya Oktoba. Wiki hizo zinakwepa sikukuu ya Nanenane tarehe 8 Agosti na Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, ambazo hupunguza siku za kufungua. Kumbukeni pia kwamba msimu wa korosho ukishika kasi, baadhi ya watoto na wakubwa hushinda mashambani na kwenye minada. Andikeni jambo hilo pembeni ya fomu ili asiyejua asidhani maktaba imekosa wateja.

Fomu iwe ukurasa mmoja kwa siku, na iwe na safu tano: saa ya kuingia, mwanamke au mwanamume, mwanafunzi au mtu mzima, alichokuja kutafuta, na kama alikipata. Jina lisiandikwe. Iwekwe mlangoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mtu mmoja asimamie kuijaza, kwa sababu msomaji akiachwa ajaze mwenyewe hujaza safu mbili za kwanza na kupita.

Safu ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nina mbele yangu ukurasa wa siku moja ya Agosti kutoka maktaba ya shule. Saa nne na robo: msichana, mwanafunzi, biolojia ya kidato cha tatu, hakupata. Saa nne na nusu: mvulana, biolojia ya kidato cha tatu, hakupata. Saa tano: mkulima, kijitabu cha kupulizia dawa ya mikorosho, hakupata. Saa tano na dakika kumi: wasichana wawili, biolojia tena, wamesoma nakala moja kwa pamoja. Ukurasa huo unasema kitabu gani kinunuliwe kwanza, na unasema jambo la pili ambalo sikulitarajia: mkulima alikuja maktaba ya shule kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda katika kata ile.

Mwisho wa wiki, jumlisheni namba tatu kwa kila maktaba: walioingia, walioomba kitu maalumu, na waliokosa. Kwa mfano, ikiwa maktaba sita zimepata maombi 480 na 156 kati ya hayo hayakujibiwa, mtasema kwa uhakika kwamba takriban msomaji mmoja kati ya kila watatu aliyeomba kitu alirudi mikono mitupu. Sentensi hiyo diwani anaweza kuirudia kikaoni bila karatasi.

Tahadhari kubwa: msiongeze hata msomaji mmoja. Afisa mipango anaweza kuja Jumatano asubuhi bila taarifa, akasimama mlangoni kwa muda wa saa mbili akihesabu. Namba ndogo ya kweli inajitetea yenyewe, na namba iliyotiwa chumvi ikigunduliwa huziangusha namba za maktaba nyingine zote mlizoziweka katika jedwali moja.

## Hatua ya 7: Pelekeni ombi moja, kwa mlango sahihi, kwa wakati wake

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, lakini kazi ya halmashauri ya kupanga fedha hizo hufanyika mapema zaidi, kati ya Novemba na Februari: idara hukusanya mahitaji, kamati za kudumu huyapitia, Baraza la Madiwani huyapitisha, kisha hupelekwa ngazi ya mkoa. Barua ya Aprili hukuta meza imekwisha kusafishwa. Barua inayofika idara ya elimu wiki ya kwanza ya Novemba hukuta afisa akiwa na karatasi tupu na kalamu.

Chagueni ombi moja tu kwa kila halmashauri. Maktaba zote zikiomba kila kitu, afisa atachagua yeye, na kwa kawaida atachagua kilicho rahisi kwake. Ombi liwe dogo kiasi cha kuingia katika bajeti ya idara, na liwe na gharama iliyoandikwa. Tafuteni ankara kifani tatu, zile ambazo wengi tunaziita profoma, kutoka kwa mafundi au maduka ya hapa hapa. Zitumieni kukadiria tu. Msimwahidi fundi yeyote kazi, kwa kuwa ununuzi wa halmashauri hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na mtumishi anayeonekana ameshachagua muuzaji hujiharibia.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Sehemu yake ya katikati inaweza kuandikwa hivi:

«YAH: OMBI LA KUTENGEWA FEDHA ZA RAFU SITA KWA MAKTABA TATU ZA SEKONDARI. Katika wiki mbili za Agosti na Oktoba, maktaba tatu zilizotajwa zilihesabu wasomaji kwa fomu moja iliyoambatishwa. Vitabu vingi vilivyopo viko kwenye maboksi kwa kukosa rafu, na baadhi ya maombi ambayo hayakujibiwa yalihusu vitabu vilivyomo ndani ya maboksi hayo. Tunaomba rafu mbili kwa kila maktaba, kwa makadirio ya gharama yaliyoambatishwa. Wakutubi wenyewe watapanga vitabu na kutoa taarifa ya matumizi baada ya miezi mitatu.»

Angalieni jinsi sentensi ya pili inavyofanya kazi: inaonyesha kwamba fedha kidogo itaokoa mali ambayo serikali imekwisha kununua. Hoja hiyo hukubalika haraka kuliko hoja ya umuhimu wa kusoma, ambayo kila mtu anaikubali na hakuna anayeitengea shilingi.

Mpangilio wa milango una heshima yake. Mkuu wa kituo aone kwanza, kisha afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa halmashauri, ndipo diwani apewe nakala. Ukianza na diwani, afisa ataulizwa kikaoni jambo asilolijua, na ataichukua kama aibu. Baada ya afisa kupokea, mwalikeni diwani aje maktabani siku ya kazi, akae dakika thelathini mlangoni na fomu mkononi. Msimwandalie ngoma wala soda. Mpeni kiti karibu na safu ya tano. Ombi likijadiliwa pia katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuingia kwenye muhtasari wake, litakuwa limepata mguu wa pili wa kusimamia.

Mlango mwingine tunaousahau kusini ni vyama vya msingi vya ushirika. Kanuni ya saba ya ushirika, inayofuatwa na vyama vya ushirika duniani kote, ni kujali jamii, na vyama vya wakulima wa korosho huamua michango yao katika mkutano mkuu wa wanachama. Mwandikieni mwenyekiti na bodi yake mapema ili ombi liingie kwenye ajenda. Mkutano ukishafunguliwa, jambo lisilo kwenye ajenda hupewa makofi na kuahirishwa. Ombi lao liwe linalowagusa: vitabu na vijitabu vya kilimo cha mikorosho katika maktaba iliyo karibu na ghala, pamoja na mtu wa kuwasomea wasiojua kusoma siku moja kwa wiki.

Msiende kwenye redio wala magazeti kabla ya mwajiri kujua. Wengi wetu ni watumishi wa umma, na taarifa kwa vyombo vya habari ina utaratibu wake. Mtandao ukitaka kusikika, tumieni siku zinazotambuliwa na serikali yenyewe: Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, Siku ya Kimataifa ya Kisomo tarehe 8 Septemba, na maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Kusini katika viwanja vya Ngongo, Lindi, ambako meza moja yenye vitabu vya kilimo ndani ya banda la halmashauri huonwa na viongozi wanaopita bila nyinyi kuwafuata ofisini.

## Hatua ya 8: Unganeni na ngazi ya taifa

Mkiwa na kumbukumbu za mwaka mmoja, wanachama wenye sifa wajiunge na chama cha kitaifa cha wakutubi, TLA, na mratibu apeleke taarifa fupi ya kurasa mbili kwa Bodi na kwa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Ombeni mafunzo mahususi, kwa mfano namna ya kuainisha vitabu kwa mfumo wa Dewey au kutumia programu huria ya Koha kwa maktaba zenye kompyuta. Mkufunzi huja kwa urahisi zaidi akijua atakuta watu ishirini wanaofahamiana kuliko mtu mmoja aliyeko peke yake.

## Jibu likiwa hapana

Mara ya kwanza jibu huwa hapana, au huwa kimya. Kimya kisiachwe kipite: baada ya siku 30 mratibu aende na nakala yenye muhuri, aulize kwa upole barua iko kwa nani, na aandike jina la ofisi aliyoelekezwa na tarehe. Hapana ikitolewa, ombeni iwe ya maandishi yenye sababu. Nimeshika barua ya namna hiyo iliyosema ombi «halikuwa katika vipaumbele vya mwaka huu», na mwaka uliofuata barua yetu ilianza kwa kunukuu kumbukumbu namba yake na kuomba kipaumbele hicho kwa mwaka mpya. Safari hiyo afisa aliita kikao yeye mwenyewe, na swali lake la kwanza lilikuwa kama bado tunazo zile fomu za mlangoni. Tulikuwa nazo za Agosti na Oktoba, miaka yote miwili, katika faili lilelile.